Vipete vya Gari la Bwana Sadrudin

Mwaka ule wa hamsini na saba, ukiteremka njia ya sokoni pale Mbeya mjini kuelekea kwenye mabanda ya mafundi, ilikuwa lazima upite kwenye benchi la Yunusu muuza kahawa. Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja wa bodi ya lori uliolazwa juu ya mapipa mawili, na kila shubiri yake ilikuwa na mwenyewe. Upande wa jiko alikaa Mzee Alawi, aliyeitwa Hakimu kwa kuwa zamani alikuwa karani wa baraza kwa miaka minne, na tangu hapo hajaacha kuhukumu. Katikati alikaa Jailos wa Nyololo, dereva mstaafu wa malori ya Chunya, jina lake Maili Mia. Mwisho kabisa alikaa Eliezeri, aliyeitwa Daktari, maana alifagia wodi za hospitali miaka tisa na alifagia huku akisikiliza. Baridi ya Mbeya haina utani, kwa hiyo wazee hawa walikuja asubuhi wamezama ndani ya makoti ya jeshi na kuondoka jioni wakiwa bado ndani yake. Na hapo palikuwa na adabu moja ambayo hakuna aliyeivunja. Anayefika hakai mpaka aliyetangulia ampangusie vumbi mahali pake kwa mkono wa koti. Ukiona umekaa bila kupangusiwa, jua kuna mtu umemkosea.

Alhamisi hiyo Bushiri hakukaa, ingawa alipangusiwa mara mbili. Alisimama mbele ya benchi, kikombe kimempoa mkononi, akilitazama gari lililoegeshwa hapo karibu hata mtu aliyeketi angeweza kuligusa mlango bila kuinuka. Bushiri alikuwa fundi wa rangi, na kijiweni walimwita Msasa. Miaka kumi na mmoja alikuwa amepaka baiskeli, mageti na mbavu za malori. Magari madogo ya wenye maduka hayakuwa yake. Hayo yalipelekwa Iringa kwa fundi mmoja wa Kihesa, Anania, ambaye sifa zake zilifika Mbeya kabla ya basi.

Basi mwezi ule Bwana Sadrudin, mwenye duka la vitambaa, alimkabidhi Bushiri gari lake dogo, Ostin ya kijivu, akamwambia aipake iwe nyeusi. Binti yake, Fatema, alikuwa anaolewa Iringa Jumapili. Gari lingesimama mbele ya msikiti, na Iringa nzima ingelitazama, Anania akiwemo. Bwana Sadrudin angelichukua leo saa kumi alasiri, kesho alfajiri waingie njiani. Bushiri alitaka kuitwa fundi wa gari dogo kuliko alivyotaka kitu kingine chochote tangu siku aliyomposa Mwanakhamisi. Hakuona aibu kulitaka jambo hilo.

Gari likiwa kivulini lilikuwa shwari, jeusi la kupendeza. Likitoka juani, ndipo ubavuni huonekana mistari myembamba ya mviringo, duara ndani ya duara, kama utando wa buibui. Kijiwe kiliipa jina la vipete. Siku tatu mfululizo Bushiri aliviondoa alfajiri ndani ya banda lake kwa dawa ya kusugulia na kitambaa cha flaneli, mpaka kwenye mwanga wa taa pasibaki hata kimoja. Kisha alilisukuma gari nje, kwa kuwa jirani yake alikuwa seremala na unga wa mbao ulijaa bandani, akaliegesha kando ya benchi na kuwaomba wazee wamzuilie mbuzi na watoto. Kila siku ilipofika adhuhuri, vipete vilikuwa vimerudi. Mwanakhamisi alimwambia labda mkono umechoka. Tangu hapo Bushiri alianza kuuogopa mkono wake mwenyewe.

Mzee Alawi alikohoa kama mtu anayefungua kesi.

— Ewe Msasa, hebu tuliza moyo. Jambo hili lina chanzo, na chanzo tutakipata. Vipete uliviona lini mara ya kwanza?

— Jumatatu, Mzee wangu. Baada ya adhuhuri.

— Na gari lilikuwa wapi?

— Hapo hapo lilipo.

— Nani alikuwa karibu nalo?

— Si ninyi tu, wazee wangu. Hata mbuzi hakulisogelea.

— Vizuri, alisema Mzee Alawi, akajiegemeza. Basi mashahidi tupo.

Jailos hakungoja kuitwa. Alipuliza kahawa yake, akasema yeye jambo hili amelijua tangu Jumatatu ila alikuwa anaona haya kuwafundisha watu. Hii ni baridi. Rangi imetoka Ulaya ndani ya kopo lililofungwa, imelala humo kama mtoto, halafu inafunguliwa Mbeya mwezi wa saba. Lazima itetemeke. Na kitu kinachotetemeka kinaacha alama.

— Hata huko Ulaya kuna baridi, Maili, alisema Yunusu akichochea mkaa. Wazungu wenyewe wanasema.

— Baridi ya kule ni ingine, ndugu yangu mnyalukolo. Inakaa nje ya nyumba. Hii ya kwetu inaingia na inakaa.

Ili aeleweke, Jailos aliweka kidole juu ya mlango wa gari na kufuata kipete kimoja tangu mwanzo mpaka mwisho, akionyesha rangi ilivyotetemeka. Kidole kiliacha alama. Kwa kuwa alikuwa mtu mstaarabu, akaipangusa kwa mkono wa koti.

— Sasa dawa yake nini? aliuliza Bushiri.

— Dawa ni kukaa nayo kivulini. Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini. Gari hii imechumia juani siku tatu. Mwambie Sadrudin harusi iwe kivulini.

Bushiri aliona methali ile imekwenda mahali ambapo haikutumwa, lakini Jailos alikuwa rika la baba yake. Alisema tu kwamba msikiti hauhamishwi. Isitoshe, alisema Yunusu, gari litapita Igawa, Makambako na hiyo Nyololo yenyewe, na likifika Iringa litakuwa limevaa vumbi jekundu mpaka kwenye kioo, hata vipete vitajifunika vyenyewe. Bushiri alimjibu kwamba wataliosha Kihesa kabla ya kwenda msikitini. Alipolitamka jina hilo la Kihesa, alimwona Anania akilini mwake, amesimama kando ya ndoo za maji, mikono nyuma, anatabasamu bila kusema kitu.

Daktari Eliezeri alikuwa kimya muda wote, na kimya chake kilikuwa cha mtu anayesubiri wajinga wamalize. Sasa akainama, akalitazama gari kwa karibu hata pumzi yake ikatua kwenye rangi, akapangusa ile pumzi ili aone vizuri.

— Mimi naomba kuuliza, alisema. Mtoto akitoka duara kichwani, duara kavu, moja leo, kesho mbili, mnaita nini?

— Mapunye, alisema Yunusu.

— Asante. Hii gari ina mapunye.

Hata Jailos aliona wazo lile lina sura. Eliezeri akaendelea taratibu, kwa sauti ya wodini. Mapunye hayaji bure, yanaambukizwa. Rangi ya zamani ya gari ilikuwa na ugonjwa, Bushiri akapaka mpya juu yake bila kuuliza, na ugonjwa umepanda. Dawa yake inajulikana. Kinga ni bora kuliko tiba, kwa hiyo yeye alikuwa amekuja na ndimu.

— Baba, ndimu itaila rangi, alisema Bushiri.

— Mahali padogo tu. Kama shilingi.

Bushiri angeweza kukataa. Lakini kumkatalia mzee mbele ya wazee ni jambo linalokaa mjini kuliko rangi yoyote, na benchi hili ndilo lililomchungia gari siku tatu bila kudai hata shukrani. Akasogea kando. Eliezeri akakamua tone moja karibu na kitasa, akasugua kwa gumba, akakausha kwa mkono wa koti, akasubiri. Hakuna kilichopona. Eliezeri alisema dawa nzuri haikimbii, na kwamba mgonjwa apewe muda.

Hapo Mzee Alawi akaweka kikombe chini. Alisema amewasikiliza wote wawili, na kwa heshima zao zote, wamezungumza kama watoto. Wao wanatafuta ugonjwa, na hapa kuna mtu. Jana wakati wa adhuhuri si alisimama hapa dereva mmoja wa lori kutoka Iringa, mwenye kofia ya sufu? Na si alilizunguka gari, akasema gari zuri hili? Je, kuna aliyemsikia akisema mashallah?

Wote walikumbuka, na hakuna aliyemsikia.

— Sasa mnaona. Jicho. Na mtu huyo ni wa Kihesa, mtaa mmoja na Anania.

— Lakini vipete vilikuwapo tangu Jumatatu, Mzee, alisema Bushiri. Huyo alikuja jana.

— Jicho la mtu mbaya hutangulia safari. Kisha ufikiri, mwanangu, umesoma chuo. Jicho lina umbo gani?

— Duara.

— Basi jeraha lake litakuwaje na pembe nne?

Jailos alipiga paja. Ingekuwa barazani, kesi ingefungwa hapo. Mzee Alawi, akiona amewashika, alishusha sauti na kusogeza kichwa. Alisema adui wa namna hii hatoki mbali, huwa ana mtu wake hapa hapa, anayemfungulia mlango.

— Kikulacho ki nguoni mwako, alisema, na kwa mkono wa koti lake akaupangusa mlango wa gari, taratibu, mara tatu, kama mtu anayemtuliza ng'ombe. Mtafute huyo, Msasa. Umtafute kabla ya saa kumi.

Bushiri alianza kuwahesabu watu wake kichwani, na hilo lilimwuma kuliko vipete. Alimfikiria seremala jirani aliyemwazima ngazi. Alimfikiria shemeji yake Saulo, aliyewahi kusema kwamba gari dogo si mchezo. Kwa kitambo kidogo, Mungu amsamehe, alimfikiria hata Mwanakhamisi na maneno yake kuhusu mkono uliochoka. Kisha akaona aibu, akamwomba Yunusu amwongezee kahawa. Yunusu aliinamisha birika, akasema imebaki ya vikombe viwili.

Jailos hakutaka kuachwa nyuma na jicho. Alisema sasa ameelewa kabisa, kwa kuwa maneno ya Hakimu yamemfungua. Gari lina kumbukumbu. Yeye aliwahi kuendesha lori lililokuwa likipunguza mwendo lenyewe kila lilipopita nyumba ya tajiri wake wa zamani. Ostin hii imepanda na kushuka Mlima Nyoka, njia ya Iringa, mara ngapi? Kila kipete ni kona moja. Inajua Jumapili iko Iringa, na haitaki.

— Haitaki kwa nini? aliuliza Eliezeri.

— Ungekuwa wewe ungetaka? Maili mia mbili na zaidi, umebeba shangazi.

Walikuwa wamefika hapo, kwenye gari lisilotaka harusi, wakati Tusekile alipotokea. Alikuwa mama wa makamo wa kutoka Ilomba, aliyebeba kapu la ndizi kichwani, na hakuwa mtu wa kijiwe. Alikuja kutoka upande wa pili wa gari, upande wa barabara, akaomba apumzishe miguu. Wazee walimkaribisha vizuri. Mzee Alawi akainuka, akampangusia mahali kwa mkono wa koti, vumbi la Mbeya likaruka na kutua kwenye mkono ule ule. Tusekile akashukuru, akakaa, akatua kapu. Yunusu akampa kikombe kimoja kati ya vile viwili.

Walimweleza mambo yote, tena kwa pamoja. Alisikia habari ya baridi, ya mapunye, ya jicho na ya Mlima Nyoka. Alikunywa kahawa yake mpaka nusu bila kumkatiza mtu. Alilitazama gari, akamtazama Bushiri ambaye uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa, kisha akauliza.

— Samahani, baba zangu. Mbona ule upande mwingine hauna?

Vichwa vyote viligeukia gari.

— Nimepita kule sasa hivi, akasema Tusekile. Jua liko juu, linapiga huko na huku. Nimejiona mpaka pengo langu. Hapa mtu hajioni. Kwa nini upande huu wa benchi tu?

Bushiri aliweka kikombe juu ya jiko na kulizunguka gari. Siku tatu hakuwahi kufanya hivyo gari likiwa juani. Alikuwa akisimama upande wa benchi, maana ndipo palipokuwa na kahawa, watu na huzuni yake. Upande wa barabara, jua likipiga moja kwa moja, rangi ilikuwa nyeusi na tulivu kutoka taa ya mbele mpaka ya nyuma. Aliuona uso wake humo, na juu ya kichwa chake akauona mlima Loleza wote. Hapana hata kipete kimoja. Mkono wake haukuwa umechoka. Macho yalimjaa machozi, akajifanya anakagua tairi.

Aliporudi, aliinama kwenye usawa wa mtu aliyeketi. Vipete vyote vilikuwa hapo, tangu kwenye kitasa mpaka chini kidogo ya kioo. Chini ya hapo havikuwapo, na juu ya hapo havikuwapo. Kisha, bila kukusudia, macho yake yakashuka kwenye mikono ya makoti. Mitatu ilikuwa mieupe kwa vumbi, lile vumbi gumu la barabara ambalo akina mama wa Mbeya husugulia masufuria.

Sasa afanye nini? Awaambie wazee? Watu walioacha kazi zao, hata kama hawakuwa nazo, wakamlindia gari siku tatu, na kila chembe ya vumbi iliyotua wakaipangusa kwa mapenzi kama wanavyopangusiana wao wenyewe? Eliezeri alikuwa ameingiza mikono mifukoni. Jailos alilitazama anga. Mzee Alawi aliutazama mkono wake wa koti kwa muda mrefu, akaugeuza upande huu, akaugeuza upande ule, na kwa mara ya kwanza tangu aache ukarani, hakutoa hukumu.

Yunusu ndiye aliyeokoa watu. Aliinamisha birika, akaonyesha kwamba limekauka.

— Kahawa imekwisha, wazee wangu. Na jua limehama. Nafikiri na benchi lihamie ng'ambo, pale ukutani kwa duka la Mpemba.

Walikubali upesi kuliko walivyowahi kukubali jambo lolote. Jailos na Eliezeri walibeba ubao, Yunusu akavingirisha mapipa, Tusekile akachukua jiko kwa mpini. Hakuna aliyetaja sababu. Bushiri akakunja shati, akatafuta flaneli mpya iliyokuwa bado kwenye karatasi, akachovya dawa kidogo, akaanza. Safari hii alisugua kwa mstari mmoja, kutoka mbele kwenda nyuma, bila kuzungusha. Ng'ambo ya barabara walimtazama. Mzee Alawi hakukaa. Alilivua koti lake, akalikunja mara nne, akaliweka chini ya benchi, akasimama kwa kanzu peke yake katika upepo ule wa mwezi wa saba. Jailos alimwambia avae, atapata homa. Hakuvaa. Bushiri aliona jambo hilo, na lilimwingia moyoni kuliko samahani yoyote.

Saa kumi kamili Bwana Sadrudin alifika, amevaa koti jipya la harusi, alilotaka kulizoea kabla ya Jumapili. Alilizunguka gari mara moja. Akalizunguka tena. Upande wa mlango alisimama, akajiona, akaweka kofia yake sawa kwa kujitazama humo. Hakukuwa na kipete.

— Fundi, alisema. Miaka yote mimi napeleka Iringa. Kwa nini hukuniambia?

Bushiri alitabasamu tu, akajifuta mikono kwenye kaptura.

— Huyo wa Kihesa ataona, alisema Bwana Sadrudin. Nitamwita mwenyewe aje kutazama.

Kisha akarudi hatua moja nyuma, kichwa ameinamisha upande, uso umejaa furaha ya baba wa bibi harusi. Upepo ukavuma kidogo kutoka barabarani. Chembe ya vumbi ikatua mlangoni, mahali pa kitasa. Bwana Sadrudin akaiona. Akavuta mkono wa koti lake jipya mpaka kwenye vidole, akasogea, akaupangusa mlango taratibu, kwa mapenzi, kwa duara moja pana, na duara lingine ndani yake.

Ng'ambo ya barabara Jailos, Eliezeri, Yunusu na Tusekile waliinuka kwa pamoja. Nani angesema? Gari lilikuwa lake. Mzee Alawi peke yake aliketi. Aliinama chini ya benchi, akalitoa koti lake, akalikung'uta vizuri, akalivaa.